Jua Lilipopatwa Nikiwa na Mimba Mangaluru

Ukiwa mjamzito kusini mwa India na kalenda inasema jua litapatwa, kila mtu ana neno lake kwako. Muuza mboga ana lake, dada anayefagia ngazi ana lake, hata mama mliyekaa naye benchi moja kliniki ana lake. Usitoke nje. Usishike kisu, mkasi wala sindano, mtoto atazaliwa mdomo umepasuka. Usile. Usinywe hata maji. Usilale mpaka liachiliwe. Mimi niliambiwa hayo yote Desemba 2019 huko Mangaluru, mji wa bandari katika jimbo la Karnataka, ambako mume wangu alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Mimba yangu ilikuwa ya miezi sita.

Watu wetu wengi wanakwenda India, wengine masomoni, wengine kuuguza wagonjwa wao, na wapo watakaokutwa na siku kama ile wakiwa ndani ya nyumba ya watu. Nawaandikia hao, hasa kina dada, wajue kinachofanyika na kwa nini, na wajue pia wapi pa kukubali na wapi pa kukataa.

Tulikuwa tumepanga chumba na jiko uani kwa familia moja ya Kibrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu. Nyumba ilikuwa ya zamani, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa, na juu vigae vyekundu vya udongo. Vigae hivyo ndivyo vilivyoujengea mji ule jina. Viwanda vyake vilianza karne ya 19, na mzigo ulisafirishwa hata huku kwetu Afrika Mashariki. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, umri umepita miaka sabini, na kila mtu alimwita Ajji, ndivyo Wakannada wanavyomwita bibi. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye jioni aliwapigia watu hesabu za nyota zao za kuzaliwa. Mke wa mwanawe mkubwa nilimwita Akka, dada. Akka ndiye aliyekuwa na hofu. Ajji hakuwa nayo, na tofauti yao hao wawili ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko jua lenyewe.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Unajimu wa Kihindu, Jyotisha, ni moja ya elimu sita zinazohesabiwa kuwa viungo vya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupanga nyakati za ibada. Unahesabu vitu tisa vya mbinguni: jua, mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, halafu Rahu na Ketu. Saba za mwanzo unaziona kwa macho. Rahu na Ketu hutawaona, na ndio wenye habari ya kupatwa kwa jua.

Hadithi yao Ajji alinisimulia akichambua mchele, siku chache kabla. Miungu na mashetani waliikoroga bahari ya maziwa wapate amrita, kinywaji cha kutokufa. Vishnu akajigeuza mwanamke mzuri, Mohini, akawa anawagawia miungu peke yao. Shetani mmoja, Svarbhanu, akajipenyeza akaketi kati ya jua na mwezi, akapata fundo lake. Jua na mwezi wakamtambua, wakamchongea. Vishnu akarusha gurudumu lake la makali likamkata shingo, lakini kwa kuwa ameshaionja amrita, hakufa. Kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu, na tangu hapo wanawaandama wale wawili waliowachongea.

“Lakini Rahu hana tumbo, mwanangu,” Ajji alisema, akipitisha kidole shingoni mwake. “Anameza, halafu linatokea hapa. Haliwezi kubaki ndani.”

Nikamwambia kwamba kwetu Tanga nilipokuwa mdogo, mwezi ukipatwa tuliambiwa chatu ameumeza, na watoto tulipiga madebe mpaka autapike. Alifurahi mno. Nikaja kujifunza baadaye kwamba wanafalaki wa Kiislamu nao waliziita sehemu hizo mbili za mbinguni kichwa na mkia wa joka. Ni hesabu ileile, imepita mikono mingi.

Na ni hesabu kweli. Ajji alinivua bangili mbili mkononi. Moja akailaza kiganjani: hii njia ya jua. Ya pili akaipenyeza ndani ya ile ya kwanza, akaiinamisha kidogo: hii njia ya mwezi. Zilikatana mahali pawili tu. Akagusa moja: huyu Rahu. Akagusa ya upande wa pili: huyu Ketu. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, aliingia ndani akaketi. Mwinamo wa njia hizo mbili ni digrii tano hivi, akasema, ndiyo maana jua halipatwi kila mwezi unapoandama. Mara nyingi mwezi hupita juu kidogo ya jua au chini kidogo. Ukiandama karibu na Rahu au Ketu, ndipo unapoliziba. Ajji akaitikia kwa kichwa, akaongeza lile ambalo mume wangu hakulijua: pale penye makutano hapatulii, panarudi nyuma polepole, pakamaliza duara kwa miaka 18 na miezi saba hivi, na kwa hiyo Rahu hukaa katika buruji moja kama mwaka mmoja na nusu.

Huyu ni bibi ambaye siku ya tukio angefunika vyakula vyake kwa nyasi. Nilikuwa nimedhani watu wa namna hiyo hawajui kinacholifunika jua. Aryabhata, mwanafalaki wa India, alikwisha andika mwaka 499 kwamba jua hufunikwa na mwezi, na mwezi hufunikwa na kivuli cha dunia. Mume wa Ajji aliwafundisha hivyo watoto wa shule asubuhi, na jioni akaandika Rahu na Ketu katika karatasi za nyota za wazazi wao. Katika nyumba ile mambo hayo mawili yaliishi pamoja bila kugombana.

Kalenda yao, panchanga, ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jiko. Mwaka wake ulianza Aprili, kwa hiyo ilikuwa imechapwa miezi mingi kabla, na tarehe 26 Desemba ilikuwa na mistari yake tayari: kuguswa kwa jua saa mbili na dakika chache asubuhi, katikati kama saa tatu na dakika 25, kuachiliwa saa tano na dakika chache. Pia ilionyesha mahali jua lilipo. Katika safu za nyota za magazeti ya kwetu, jua la tarehe hiyo limeshaingia Mbuzi. Wanajimu wa India huzihesabu buruji kwa kufuata nyota zenyewe zilipo, na siku hizi tofauti ya hesabu hizo mbili imefika karibu digrii 24, hivyo kwao jua lilikuwa bado Dhanu, ndiyo Kausi au Mshale wetu. Ndani ya Dhanu lilikuwa katika Mula, moja ya manzili 27 za mwezi wanazoziita nakshatra. Na halikuwa peke yake. Mwezi, Utaridi, Mshtarii, Zohali na Ketu walikuwa wamekusanyika katika buruji hiyohiyo, sita kwa pamoja.

Kwa watu wa televisheni hiyo ilikuwa karamu. Kila jioni kulikuwa na mnajimu kwenye skrini na orodha ya nani atapata nini. Akka alikuwa akitazama huku sauti ameipunguza, kidole mdomoni. Nilidhani ni hofu ya kawaida mpaka aliponiambia mwenyewe tukiwa kisimani tunafua: yeye alizaliwa Mula.

Msichana aliyezaliwa Mula, kwa imani za huko, humletea balaa baba mkwe wake. Akka alichelewa kuolewa kwa ajili hiyo. Posa zilikuja, karatasi ya nyota ikatazamwa, posa zikarudi. Aliyemkubali hatimaye ni mume wa Ajji, aliyejua hesabu hizo kuliko wote waliomkataa. Alisema hajaona katika vitabu sababu ya kumnyima binti wa watu ndoa. Miaka michache baadaye mzee akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Majirani hawakusema kitu mbele ya Akka, lakini alikijua wasichokisema, na Desemba hiyo jua lilikuwa linakwenda kupatwa ndani ya nyota yake hasa. Alikwenda hekaluni akalipia dua ya kuondoa mkosi. Tena akanigeukia mimi, mpangaji mwenye mimba ndani ya nyumba yake. Kama kingempata mtoto wangu chochote, angesemwa nani?

Nilipolielewa hilo nikaacha kumwona mkali.

Muda wa kujizuia wanauita sutaka. Kwa jua huanza prahar nne kabla, prahar moja ikiwa muda wa saa tatu, yaani jumla ya saa kumi na mbili hivi, kwa mwezi prahar tatu. Na kuna sharti watu wengi wanalisahau: sutaka ipo tu mahali ambapo kupatwa kunaonekana. Likipatwa Amerika na wewe uko Mangaluru, unakula chakula chako kwa amani. Katika muda huo hawapiki, hawali, mahekalu mengi hufungwa. Lipo moja mashuhuri lisilofungwa, Srikalahasti katika jimbo la Andhra Pradesh, ambako watu humiminika kwa ibada za Rahu na Ketu. Maziwa, maji, samli na achari za nyumbani huwekewa majani ya tulsi, jamii ya mrehani, au nyasi za darbha, ili visiharibike.

Sutaka yetu ilianza jioni ya Krismasi. Mangaluru ina Wakatoliki wengi, na desturi yao siku hiyo ni kuwapelekea majirani sinia ya kuswar, vitafunio vya sikukuu. Yangu ililetwa giza likiingia: sambusa tamu zenye nazi na ufuta, vikokoto vya mchele, biskuti zilizokaangwa zenye umbo la waridi. Sinia bado ya moto kwa chini. Akka akatokea mlangoni, akaitazama saa ya ukutani, akaichukua kwa upole, akaweka jani moja la nyasi juu yake na kuipandisha rafuni. “Kesho mchana, tangi,” aliniambia, mdogo wangu.

Daktari wangu alikuwa ameniambia nile kidogokidogo mara nyingi, na nisikae na kiu. Nilimuuliza waziwazi kuhusu siku hiyo. Akasema: kula, kunywa, lala, usilitazame jua kwa macho matupu, basi. Kuhusu mdomo uliopasuka alinionyesha kwenye chati ya ukutani kwamba midomo na kaakaa la mtoto huungana kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Wa kwangu alikuwa ameshapita hapo zamani. Akasema kinachomletea shida kazini siku za namna hii ni kina mama wanaokuja na kizunguzungu na maumivu ya tumbo kwa kukosa maji, na wazee wa kisukari wanaochoma insulini halafu hawali.

Usiku ule saa nne njaa ilinishika kweli. Mume wangu alikuwa anatafuta namna ya kunipa mkate bila kuwaudhi wenyeji. Kabla hajaupata, mlango ukagongwa. Ajji, kikombe cha maziwa ya moto mkono mmoja, sinia ya kuswar mkono wa pili. “Kula,” akasema.

Akka alikuwa nyuma yake. Wakasemezana kwa Kitulu, lugha ya eneo lile, kisha Ajji akanigeukia kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni ili nami nisikie. Watoto, wazee na wagonjwa, sutaka yao hufupishwa, kwao huanza usiku umekwenda sana. Iko katika panchanga, mumewe aliisoma kwa sauti kila mara jua lilipopatwa. Mwenye mimba yeye anamhesabu pamoja na hao, na hata saa ikifika, maji hamnyimi mtu mwenye mtoto tumboni. Akka akasema mtu wa kwenye televisheni amesema mwenye mimba ndiye wa kujizuia kuliko wote.

“Aliyesema hivyo hajawahi kubeba mimba,” Ajji akajibu.

Nikakumbuka ruhusa ya mjamzito kufungua Ramadhani. Nimeona kwetu pia: anayemtazama vibaya mama mjamzito akinywa maji mchana wa mfungo mara nyingi si sheikh, ni mtu ambaye elimu yake ya dini ameokota vipandevipande. Sheikh anaijua ruhusa kwa sababu ameisoma sheria mpaka mwisho wake. Ajji alikuwa hivyo. Alikuwa ameishika dini yake kwa nguvu, na kwa kuwa aliishika yote, aliishika na huruma iliyomo.

Kilichobaki aliniomba mambo mawili: nisitoke nje jua likiwa limeshikwa, na nisishike kisu. Nilikubali yote mawili bila kinyongo. Hayakunidhuru kitu, na yule aliyeniomba alikuwa ameniletea maziwa usiku. Hapo ndipo ninapowashauri wenzangu wapime. Ombi la kukaa ndani asubuhi moja, kubali. La kukunyima maji, kataa, na katika nyumba nyingi utamkuta mzee mmoja wa kukuunga mkono ukimtafuta.

Asubuhi mume wangu alikwenda msikitini kwa sala ya kupatwa kwa jua, kisha uwanjani chuoni walikogawiwa miwani maalumu. Mimi niliswali chumbani, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili, kisomo kirefu. Shangazi yangu wa Maskati alinitumia sauti kwamba wao wameshatoka kuswali. Kwao jua lilichomoza likiwa tayari limeanza kuliwa. Kivuli cha siku ile kilianzia Saudi Arabia, kikakata Oman, kikavuka bahari kuja kwetu, kikaendelea Sri Lanka, Sumatra na Singapore. Kisha nikaenda kukaa na Ajji katika chumba cha kati. Alikuwa ameoga mapema, ameketi chini akisoma Aditya Hridaya, wimbo wa kulisifu jua ambao katika Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, mwenye hekima Agastya alimfundisha Rama kabla ya pambano na Ravana. Akka alikuwa amefunga madirisha yote na kuteremsha mapazia.

Aliyasahau mapaa. Katika vigae vya zamani pana nafasi ndogondogo pale kigae kinapolalia kingine, na jua hupenya hapo kama nyuzi mpaka sakafuni. Siku zote vidoa hivyo ni vya duara, kwa sababu kila tundu dogo hutoa picha ya jua lenyewe, ingawa mtu halifikirii hilo. Asubuhi hiyo vidoa vilikuwa vimemegwa upande mmoja. Nikavitazama vikipungua. Vikawa hilali, kadhaa kwa pamoja, zote zimeelekea upande mmoja juu ya ile saruji nyekundu. Chumba kikaingia mwanga wa ajabu, si wa alfajiri wala wa mawingu, na joto likapungua mikononi. Hilali zikakonda, ncha zake zikarefuka, zikapinda, zikakutana. Pete. Sakafu nzima pete za mwanga.

Mwezi siku ile ulikuwa mbali na dunia kiasi kwamba haukutosha kulifunika jua lote, ukaacha ukingo wake ukiwaka. Watu uwanjani waliitazama pete moja. Sisi tuliofungiwa ndani tulikuwa nazo nyingi, na hatukuhitaji miwani.

Moja ilikuwa imeangukia dera langu, juu ya tumbo. Akka aliiona kabla yangu. Aliruka kutoka alipokuwa akaweka kiganja chake kati ya ile pete na mwanangu. Pete ikahamia mgongoni mwa mkono wake. Akabaki hivyo, amepiga magoti, mkono hewani, akiitazama. Ajji hakukatiza kisomo chake mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akasema, “Lipo mkononi mwako, na mkono wako ni mzima.” Akka hakuuondoa mkono mpaka pete ilipokatika upande mmoja na kurudi kuwa hilali.

Baada ya saa tano nyumba ilikuwa kama siku ya kuandaa harusi. Maji ya mitungi yakamwagwa, sakafu ikapigwa deki, kila mtu akaoga kichwa mpaka miguu na nguo zake. Ajji akatoa sadaka ngano, nafaka ya jua, pamoja na huruli, punje ndogo za jamii ya kunde ambazo ni za Ketu, kwa kuwa kwa mujibu wa hesabu zao siku hiyo aliyelishika jua alikuwa Ketu. Mwanamke aliyepokea alikuwa yule anayefagia ngazi. Kisha pakapikwa neer dosa, chapati nyembamba za mchele, na mchuzi wa nazi, na mimi nikala kuliko wote.

Jirani alikuwa amesimamisha mchi wake katikati ya sinia ya maji wakati wa kupatwa, na watu walikuja kuuona umesimama bila kushikwa. Wanasema nguvu ya siku hiyo ndiyo inayousimamisha, na utaanguka jua likiachiliwa. Wiki iliyofuata niliujaribu mchi wa Ajji, ambao kitako chake kimesawazika kwa miaka ya kutwanga. Ulisimama. Sikumwambia jirani, lakini Akka nilimwita aone, na alicheka sana, akaurudia mwenyewe mara kadhaa.

Jioni ile habari hazikuwa za kucheka. Katika wilaya ya Kalaburagi, kaskazini mwa jimbo hilohilo, wazazi walikuwa wamewafukia watoto wao wenye ulemavu kwenye udongo mpaka shingoni, wakiamini watapona jua likipatwa. Tuliwaona watoto kwenye skrini, wanalia. Ajji aliuliza kitabu gani kimesema hivyo, akauliza tena, hasira imempanda, mpaka mwanawe akazima televisheni. Sikuwahi kumwona vile. Kwangu mimi hasira ile ilikuwa sawa na maziwa aliyoniletea usiku. Yeye alichokilinda hakikuwa na nafasi ya kumtesa mtoto.

Akka nilimsimulia habari ya Ibrahim, mwana wa Mtume wetu Muhammad. Alifariki akiwa mdogo, na siku hiyohiyo jua likapatwa Madina. Watu wakasema jua limemlilia. Ilikuwa rahisi kuwaacha waamini hivyo, lakini baba mwenyewe, katika msiba wake, aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa ajili ya kufa mtu wala kuishi kwake. Akka aliniomba nirudie. Akauliza, “Alisema hivyo siku ileile ya msiba?” Siku ileile, nikamwambia. Hakusema zaidi, na mimi sikumtaja baba mkwe wake. Hakuwa mtu wa kubadili dini kwa hadithi moja, wala sikuwa na nia hiyo. Nilitaka tu ajue kwamba shtaka lile lilikwisha kataliwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kulikubali.

Mwanangu alizaliwa mwishoni mwa Machi 2020, siku ambazo India nzima ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Mzima, mdomo mzima, sauti ya kuamsha mtaa. Wakati huo walikuwapo waliodai kwamba ugonjwa ule ulitoka kwenye jua la Desemba, na wengine wakasema jua la Juni litauondoa. Juni 21 likapatwa tena. Pete ilipita kaskazini, Rajasthan, Haryana na Uttarakhand, na sisi Mangaluru tuliona limemegwa tu. Kurukshetra, ambako kwa kawaida umati huenda kuoga katika bwawa takatifu la Brahma Sarovar jua linapopatwa, safari hii watu walizuiwa. Korona ilibaki palepale. Nilimnyonyesha mtoto asubuhi nzima, na hakuna aliyeniuliza. Akka alikuwa ameketi karibu anamchezea vidole vya miguu.

Tulirudi Tanga, na mwaka uliofuata Ajji akafariki. Panchanga na madaftari ya mumewe vikabaki kwa Akka.

Oktoba 25, 2022, siku ya pili ya Diwali, sikukuu ya Kihindu ya taa, jua lilipatwa India jioni likizama. Sutaka ilianza kabla ya alfajiri. Asubuhi hiyo simu yangu ikalia, Akka kwa video, na si peke yake: mpwa wake alikuwa Bengaluru, mimba ya kwanza, ya miezi saba, na mama mkwe wake alikuwa amempiga marufuku hata maji mpaka usiku. Wote wawili walikuwa kwenye simu. Akka aliniamuru nieleze alichosema daktari wangu 2019, neno kwa neno, pamoja na ile chati ya ukutani. Nikaeleza. Mama mkwe akasikiliza kwa adabu, kisha akasema hayo ni ya daktari, yeye anataka kujua ya dini.

Akka alikuwa amejiandaa. Akaigeuzia kamera panchanga, kidole chake kikitembea chini ya mstari, akausoma kwa Kisanskriti polepole na kuueleza kwa Kikannada: mtoto, mzee, mgonjwa. Mama mkwe akasema mjamzito hakutajwa. Akka akasema katika nyumba yao mjamzito huhesabiwa hapo, na aliyemfundisha alifariki akiwa na miaka zaidi ya sabini, hakuruka ibada hata moja. Wakabishana kidogo kuhusu saa. Wakakubaliana kwamba binti atabaki ndani jioni na hatashika kisu. Kisha nikamsikia yule binti, sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kwa muda mrefu, akiuliza kama bado kuna chai kwenye birika.